Daftari la Nne

Jumamosi, baada ya magharibi. Joto la kunata leo, ukitoka nje tu miwani inaingia ukungu. Kiyoyozi kinanguruma na mie nanguruma nacho.

Nna hasira.

Nimejaribu kuanza kwa njia nyengine mara tatu, na mara tatu nimefuta. Basi acha iwe hivyo. Nna hasira na ndugu yangu na nna hasira na nafsi yangu, na sijui ipi kubwa. Tangu jana sijala kitu cha maana. Chai na biskuti mbili, basi.

Mnaonisoma kila Jumamosi mnangoja sura ya hamsini ya Bwana wa Warsaw. Leo haipo. Sura yenyewe nimeimaliza tangu Jumanne, imekaa hapa kwenye kompyuta, lakini mkono hauniendi kuibandika. Nikimaliza kuandika haya mtajua kwa nini.

Kwa aliyeingia leo ukumbini kwangu: Bwana wa Warsaw ni jina nililompa mimi. Alikuwa mwandishi wa riwaya, Myahudi wa Poland, akiandika baina ya vile vita vikuu viwili. Babake alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni katika kimji kidogo chenye matope. Yeye akaenda mji mkubwa akawa mtu wa kalamu. Akaandika Kiyidi, lugha ambayo watu wake walikuwa wakiizungumza majumbani na kuiandika kwa herufi za Kiebrania, herufi za kitabu chao kitakatifu, japo lugha yenyewe si Kiebrania. Wasomi wao walikuwa wakiidharau, wakisema hiyo ni lugha ya jikoni. Mwenye kutaka kuonekana mtu aliandika Kipolishi au Kijerumani. Yeye akabaki na ya jikoni.

Kila wiki gazeti lilitoa sura moja ya hadithi yake. Wanawake washonaji walichanga wakanunua gazeti moja, mmoja akisoma kwa sauti na wenziwe wakishona, na ikifika pahala pa uchungu sindano zinasimama. Na kwa kuwa hakukosi mtu aliyeikosa wiki iliyopita, kila sura ilianza kwa maneno mawili matatu ya kukumbushana. Kitabu chenyewe nilikipata kwa Kiingereza, kimekatika jalada, juu ya meza ya vitabu vilivyotumika. Nilipofika kwa hao washonaji, katika utangulizi, nikakiweka chini. Nikasema mtu huyu mie nnamjua.

Nnamjua kwa sababu kwetu alikuwepo kama yeye.

Mama yangu hakuingia skuli ya serikali hata siku moja. Alikwenda chuoni tu, akakhitimu Kurani, basi. Ilipomjia hamu ya kuandika hadithi, akaandika kwa herufi alizokuwa nazo: Kiswahili chetu cha Unguja, kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu walivyokuwa wakiandikiana barua. Alianza tulipokuwa tumeshahamia huku kwa Waarabu, tunakaa nyumba ya kupanga pale Sidab, mie nna miaka minane. Kila Alkhamisi baada ya alasiri wanawake walikuwa wakija kwetu. Kahawa, halua kidogo, mabuibui yanatundikwa msumarini. Mama anavaa miwani, anafungua daftari, anasema Bismillahi, anawakumbusha walipoishia, anaendelea.

Hadithi ilikuwa ya mwanamke anaitwa Salma, mke wa mtu mzito, mwenye jina. Siku moja Salma aliteleka mchuzi, akauacha unachemka, akajifunga buibui akaondoka. Madaftari kumi na mbili ni habari ya alikokwenda.

Wanawake wa Sidab walikuwa wakimgombania Salma utadhani mtoto wa khalati wao, mtoto wa mama mdogo. Wako waliosema lazima arudi, mwanamke ni nyumba yake. Wako waliosema thubutu. Nnakumbuka mara moja walitoka kwetu wamenuniana, na Alkhamisi iliyofuata hakuna aliyekosa.

Madaftari kumi na mbili, wino wa kijani, nakala moja tu duniani. Yalikuwa ndani ya sanduku la bati jekundu, chini ya kitanda cha Mama.

Sasa nifike nilipokusudia.

Mdogo wangu Khalfan ndiye anayekaa na Mama, kwake Bustan. Na nisimdhulumu, anamtunza. Kila dawa na saa yake, kila miadi ya daktari anampeleka mwenyewe, hamtumi dereva. Wiki hii kamnunulia kitanda cha kunyanyuka kwa umeme, kizuri, cha ghali. Kitanda hicho chini kina vyuma, hakipishi kitu. Kwa hivyo Jumatano, Mama yuko kliniki na wifi yangu, Khalfan akalivuta sanduku akalifungua.

Akakuta madaftari. Herufi za Kiarabu, na juu ya kila daftari Bismillahi. Akajaribu kuyasoma. Khalfan ni mhandisi, gazeti la Kiarabu analisoma kila asubuhi mpaka matangazo ya vifo, lakini kwa madaftari hayo hakuambulia kitu. Mengine yameingia unyevu, mengine yameliwa na wadudu pembeni. Akaona haya ni madua ya Mama ya zamani, visomo alivyokuwa akiwaandikia watoto wa kike aliowasomesha Kurani. Na karatasi yenye jina la Mungu haitupwi, hilo analijua kila mtoto wa Kiislamu. Basi akatawadha. Akayafunga kwa kitambaa cheupe, akaendesha gari mwenyewe mpaka msikitini, akayatia katika lile sanduku la misahafu iliyochakaa.

Akatawadha. Hilo ndilo linaloniua.

Angeyatupa pipani ningejua la kumfanya. Ningemfokea mpaka majirani wakatoka nje. Lakini mtu aliyechukua udhu utamfokea vipi?

Nilimfokea hivyo hivyo.

Aliniambia jana, baada ya chakula cha Ijumaa, tumekaa na matumbo yamejaa. Aliniambia kwa furaha, kama mtu anayengoja kupongezwa. "Dada, chumba cha Mama nimekisafisha chote. Yale makaratasi yake ya dua usiwe na wasiwasi, nimeyapeleka msikitini kwa heshima zake." Nikamuuliza makaratasi gani. Akasema ya kwenye sanduku la bati. Sikumbuki nilisema nini. Nnakumbuka wifi ananipa maji.

Neema alikuwa akiondoa sahani. Neema ni dada wa kazi pale, Mkristo wa Singida, mwaka wa sita huu yuko na Mama. Akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Mimi nilimwambia baba kwamba zile ni hadithi za Bibi."

Khalfan akaona haya kidogo, akasema na yeye Neema herufi za Kiarabu kazijulia wapi. Neema akajibu hazijui. Lakini Bibi alikuwa anamsomea, jioni, yeye Neema akimkanda miguu, mpaka macho ya Bibi yalipokataa kusoma. Walikuwa wamefika daftari la saba.

Nimelala na maneno hayo na nimeamka nayo. Neema hajui alifu kwa kijiti, na kilichomo ndani ya madaftari yale anakijua. Khalfan kanyonya Kiswahili pamoja na maziwa, anaota kwa Kiswahili, akijigonga kidole anapiga kelele kwa Kiswahili. Kayashika maneno ya mamake kwa mikono yake miwili na hakuyatambua. Aliyasoma kwa Kiarabu, yakamkatalia, na haikumjia hata mara moja kwamba labda yanamsemesha lugha ya kwao.

Leo asubuhi tulikwenda msikitini, mie na yeye. Mwangalizi wa msikiti akatwambia sanduku huja kuchukuliwa kila Alkhamisi, wanapeleka ghala moja huko Wadi Kabir. Tukaenda. Katikati ya magereji na maduka ya matairi, jengo la mabati, safi ndani kupita nilivyotarajia. Mzee aliyekuwepo alitupokea vizuri, akatupa viti, akatupa chai ya maziwa. Akatueleza kazi yao kwa fakhari: hakuna karatasi inayokanyagwa pale, hakuna inayolala nje. Zote zinapitishwa mashineni mpaka lisibaki neno zima, kisha zinatiwa mifukoni na kwenda kuzikwa kwenye ardhi safi. Za Alkhamisi walishazipitisha siku ile ile. Hawapendi kuchelewesha.

Nikamwomba aniache nitazame mifuko. Akanitazama usoni akanifungulia.

Wa kwanza mweupe mtupu. Wa pili hivyo hivyo. Katika mfuko wa tatu nikaona kijani.

Nilitia mkono mpaka kiwikoni. Vipande vyembamba kuliko tambi za iddi, vya mama yangu vimechanganyika na vya watu wengine, dua na vitabu vya watoto na sijui nini. Nikatafuta neno moja zima. Mashine zao nzuri, sikulipata. Nilichukua konzi moja tu nikaitia mkobani, na yule mzee aligeuka akafanya hakuona. Allah amlipe.

Tulipotoka nje Khalfan akasema, "Dada, sikujua."

Nikamwambia angeuliza.

"Ningemuuliza nani?"

"Mama yu hai, Khalfan. Kuna ukuta mmoja baina yako na yeye."

Tukafika garini. Kisha, mkono uko kwenye mlango, akasema jambo ambalo tangu alipolisema linanipiga kichwani kama nyundo. Alilisema bila ubaya, nalo ndilo linalonichoma zaidi. "Lakini wewe si ndiye mwenye kitabu cha Mama? Mwaka mzima kila Ijumaa unamwambia unakipiga chapa. Mimi nilijua hadithi iko kwako. Ndiyo maana Neema aliposema sikumsikiliza. Nikajua hayo yaliyobaki ni mengine."

Haya, nyie mnaonisifu kila wiki kwa juhudi zangu, someni vizuri hapa.

Ramadhani ya mwaka jana nilimuahidi Mama kwamba madaftari yake nitayapiga chapa kwa herufi za kizungu, wajukuu wasome. Alifurahi vile ambavyo sijamuona kufurahi tangu marehemu Baba aondoke. Nikachukua moja la kuanzia. Nikachukua la nne, si kwa sababu yoyote, ndilo lililokuwa juu. Nikafika nyumbani nikalifungua, na ukurasa wa kwanza ukanishinda. Herufi nnazijua, hati ya Mama naijua, lakini lugha yangu mwenyewe kuisoma kwa herufi zile sikuzoea, nakwenda kama mtoto wa chuoni, neno baada ya neno kwa kidole. Mimi, niliyekula mshahara wa serikali miaka thelathini kwa kazi ya kutafsiri. Nikaona aibu. Nikalifunga nikasema wiki ijayo.

Wiki ijayo ndiyo nikampata Bwana wa Warsaw. Kiingereza chepesi, kinateleza. Nikatafsiri sura moja kwa mchezo nikaiweka hapa. Mkaipenda. Mkaomba nyengine. Wako walioniandikia kwa hasira, vipi Mwislamu kutafsiri Myahudi kwa yanayotokea siku hizi, nikawajibu kwa adabu kwamba mtu huyu kaandika habari za washonaji na wenye njaa, someni kisha mnitukane. Wengine waliendelea kunitukana, lakini walikuwa wakisoma. Nikanoga. Nikawa mimi nami mtu wa kalamu.

Na kila Ijumaa Mama akaniuliza, "Umefika wapi, Zuwena?"

"Daftari la nne, Mama."

Sikusema uongo mkubwa. Kweli nilikuwa nalo la nne. Lilikuwa hapa mezani, chini ya makaratasi ya Warsaw, na mara mbili nimeliwekea kikombe cha chai juu.

Wa zamani mnaikumbuka sura ya saba? Pale nilipoandika maelezo kuhusu mtoto wa Bwana wa Warsaw, aliyekwenda skuli ya Kipolishi, akawa anaona haya lugha ya babake, akamjibu kwa Kipolishi mbele ya wageni, na hakusoma hata sura moja aliyoiandika mzee wake. Nilimsema mtoto yule. Nilimwita mtupa mbachao. Mkanipongeza watu wengi, na mmoja akasema maneno yangu yamemliza.

Mtoto yule angalau alisema kweli. Alisema sitaki.

Kuna kitu chengine nimekuwa nikikiweka akiba kwa sura ya mwisho, nikisema kitawapendeza. Bwana yule alikuwa na kitabu kikubwa alichokitolea jasho miaka tisa, akikiandika usiku baada ya kazi ya gazeti, kile alichotaka kukumbukwa nacho. Kilipotea pamoja naye. Vita vilipofika, yeye na mkewe na washonaji wake waliuawa, karibu wote. Kilichobaki ni hii hadithi ya gazetini, aliyoiandika kwa ajili ya mkate na kuitilia jina la uongo kwa kuionea haya. Na imebaki vipi? Wayahudi nao karatasi yenye herufi takatifu hawaitupi. Wanaiweka stoo ya nyumba ya ibada mpaka wapate kuizika. Mtu mmoja, haijulikani nani, alizikata zile sura gazetini akazishona, na mwengine akaziona zina herufi za kitabu, akadhani ni sala, akaziweka huko stoo pamoja na misahafu yao iliyochakaa. Zikapona.

Sifananishi misiba. Yule kauliwa pamoja na watu wake wote, mie nimepoteza madaftari na mamangu yupo, anakunywa uji. Nnasema tu kwamba nilikuwa nikikisoma kisa hicho nikitabasamu, naona kizuri, na huku sanduku la bati liko Bustan lingali linangoja ahadi yangu. Kosa lile lile la watu wenye dini zao. Huko liliokoa. Kwetu limemaliza, na mimi ndiye niliyelifungulia mlango.

Khalfan hakutaka Mama aambiwe. Presha, akasema, na umri. Nikamwambia presha itanipanda mie nikinyamaza. Tukaingia chumbani baada ya adhuhuri, Mama kanyanyuliwa juu ya hicho kitanda chake kipya, kanga imemfunika miguu. Nikamwambia yote, sikupamba. Khalfan alisimama ukutani kama mtoto aliyevunja sahani.

Mama hakulia. Aliuliza, "Yote?"

Nikasema limebaki la nne.

"La nne?" Akafumba macho. Kisha akasema, "Hilo ndilo baya kuliko yote. Nililiandika nna mimba ya huyu, natapika kutwa. Hamna kitu humo, watu wanakunywa kahawa tu." Na akamnyooshea Khalfan kidevu.

Wallahi nilitaka kucheka na nilitaka kufa.

Kisha akaniuliza nilichokuwa nikikiogopa. "Na uliyoyapiga chapa, yamefika wapi?"

"Sijapiga hata ukurasa mmoja, Mama."

"Nnajua," akasema. "Mtu gani akae mwaka mzima daftari la nne? Nilikuwa nangoja siku utakayoona haya."

Akatwambia tutoke, ana usingizi. Hakutaka kushikwa mkono. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita, nikarudi mbio nikidhani sasa ndiyo msamaha. Akasema bila kufumbua macho: "Hilo la nne usilitoe peke yake. Watu watasema sijui kuandika."

Sasa ndiyo nimemjua Bwana wa Warsaw. Mwaka mzima natafsiri kitu alichokificha kwa jina la uongo, nakianika mbele ya watu, na haikunijia hata siku moja kujiuliza angesema nini. Lakini yeye hayupo wa kuulizwa. Wangu alikuwepo kila Ijumaa.

Khalfan amenipigia simu mara mbili jioni hii, sikupokea. Ameniandikia kwamba amezungumza na watu wa kompyuta kama vipande vinaweza kuunganishwa. Huyo ndiye ndugu yangu, anadhani kila kitu kina fundi. Nimemjibu neno moja, hapana. Sijamsamehe. Najua sina haki ya kutomsamehe, na sijamsamehe.

Nilipokuwa natoka kwao Neema alinifuata mpaka kwenye gari, mikono ina sabuni. Akasema, "Mama, mimi nakumbuka mpaka Salma anapofungua kiduka chake na mama mkwe anakuja kununua bila kujua ni la nani. Baada ya hapo sijui." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu kikubwa, "Kwani mwisho alirudi kwa mume?"

Nikamwambia sijui.

Nami nilikuwepo Alkhamisi zile, nimekaa chini ya msumari wa mabuibui, nagawa vikombe. Nilipofika miaka kumi na mbili nikaona hadithi za Mama za kizamani, nikawa nakaa chumbani na vitabu vyangu vya skuli. Mwisho sikuusikia. Mtu pekee aliye hai anayeujua ni yule aliyenifumbia macho leo mchana.

Na wale wanawake? Nimehesabu kwa vidole. Wengi wametangulia. Wawili wapo, mmoja kasahau mpaka majina ya wanawe, na wa pili alihama Sidab hadithi haijafika mwisho.

Basi nimeamua hivi, na nawaandikia nyie ili nisipate njia ya kukimbia. Bwana wa Warsaw atakaa kidogo. Keshangoja sana, hatonilaumu. Kesho si Ijumaa, lakini kesho asubuhi nakwenda Bustan, na keshokutwa, na siku itakayofuata, na nitakaa kiti kile cha plastiki karibu na kitanda. Mama akinigeuzia ukuta nitakaa na mgongo wake. Neema nimemwambia aje akae nasi, aseme anayoyakumbuka, labda akikosea Mama hatostahamili, atamrekebisha. Mama hajawahi kumstahamilia mtu anayeharibu hadithi. Khalfan akitaka kuja aje, akae chini, asikilize, asishike kitu.

Akikataa? Akisema hawezi kuzaa mara mbili? Nimejiuliza hayo tangu alasiri.

La nne liko mbele yangu hapa. Nimelipangusa alama ya kikombe, haikutoka. Nimekaa na ukurasa wa kwanza tangu nilipotoka kusali, kidole juu ya mstari, na mstari mmoja wa kumkumbusha aliyekosa Alkhamisi iliyopita umenichukua karibu nusu saa. Mama kasema nisilitoe, nami sitolitoa, ila huu mstari mmoja atanisamehe au asinisamehe. Ndio wa kwanza wa Mama kuupiga chapa katika maisha yangu:

"Bismillahi. Kwa ambaye hakuwepo: Salma ameshaondoka, nyumba nzima inamlaumu, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyemuuliza."